Gorogoro Moja kwa Kila Mtu

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Kutoka 5:6-21, Kutoka 16:13-30, Mhubiri 4:4-8, Kumbukumbu la Torati 5:12-15, 2 Wakorintho 8:13-15.

Kusudi la somo: Kila mmoja wetu ajiulize ni nani anayempimia kazi yake: Farao, jirani, au Mungu.



Ukipita katikati ya mji wetu wa Isiolo saa kumi na moja alfajiri, utadhani ni saa nne mchana. Vijana wa bodaboda wako steji tayari, kofia zimevutwa mpaka masikioni kwa sababu ya ule upepo wetu. Kina mama wa maziwa ya ngamia wanapokea mitungi kutoka malishoni na kuiwahisha kwenye basi za Nairobi, maana Eastleigh inangoja. Mama mboga ameshapanga sukuma na nyanya. Mwalimu anatafuta gari la kumfikisha shuleni kabla ya kengele. Jioni ukidhani watu wanatulia, miraa ya kutoka Maua inaingia, na biashara nyingine inaanza mpaka usiku wa manane.

Hatukemei bidii hiyo. Mji unalishwa na mikono ya watu hawa. Lakini katika ushirika wa Jumatano niliuliza swali moja: "Nani hapa amechoka?" Mikono yote ikainuka. Nikauliza la pili: "Nani anajua atapumzika lini?" Hakuna aliyeinua mkono. Mama mmoja akasema, "Mchungaji, tutapumzika tukifa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani neno lile likaninyima usingizi. Hawa ni watu waliookoka, waliowekwa huru na damu ya Yesu, na tumaini lao la kupumzika ni kaburi?

Niseme mapema, somo hili si la kumtetea mvivu. Paulo katika 2 Wathesalonike 3:10 hakumwonea haya mtu anayekataa kazi halafu anataka sahani. Mithali 6 inamtuma mvivu akajifunze kwa chungu, yule mdudu mdogo. Kazi ilikuwepo bustanini kabla ya dhambi. Tunayoizungumzia leo ni ile kazi isiyokuwa na mwisho, ya kukimbizana bila kujua umefika wapi. Biblia inatuonyesha watu watatu wanaoweza kukushikia kipimo. Tuwaangalie mmoja mmoja.

1. KIPIMO CHA FARAO: MATOFALI YALE YALE, MAJANI HAKUNA

Fungua Kutoka 5. Musa na Haruni wameomba ruhusa ya siku tatu tu, watu waende jangwani kumwabudu Mungu wao. Farao anajibu vipi? Anaondoa majani makavu ya kuchanganyia udongo. Sasa watu watajitafutia majani wenyewe, lakini hesabu ya matofali ya kila siku haipungui hata moja.

Angalia tabia tatu za Farao, maana hajafa, amebadilisha nguo tu.

Kwanza, hesabu yake haijui hali yako. Uwe mgonjwa, uwe umefiwa, majani yawepo au yasiwepo, matofali ni yale yale. Dada mmoja anayefanya kazi ya mauzo aliniambia hivi: mwaka jana alifikisha lengo alilopewa, wakampigia makofi. Mwaka huu lengo likapandishwa. Mwenzake akaachishwa kazi, na wateja wa yule mwenzake akapewa yeye, mshahara ukabaki pale pale. Hayo ni matofali bila majani.

Pili, Farao humwita mtu aliyechoka mvivu. Soma mstari wa 8 na wa 17. Watu wanaomba nafasi ya kuabudu, yeye anasema ni uvivu unaowasumbua. Wengi wetu tumeshaimeza sauti hiyo. Ukikaa chini nusu saa unasikia hatia. Ukilala mchana Jumapili unajitetea kama mtu aliyeiba.

Tatu, Farao hugombanisha waliochoka. Wanyapara waliopigwa walikuwa Waisraeli, waliowekwa juu ya Waisraeli wenzao. Mwisho wa sura wanamgeukia Musa na kumlaumu. Ndivyo ilivyo hata leo: tukichoka, hatumgombezi Farao. Tunamgombeza mke, mume, mtoto aliyemwaga chai.

Farao wa siku hizi anakaa hata mfukoni. Mwaka 2012 ilikuja M-Shwari, Januari 2019 ikaja Fuliza, Novemba 2022 ikaja Hustler Fund. Sisemi kukopa ni dhambi. Kuna mtu hapa aliyempeleka mtoto hospitali usiku kwa Fuliza, na alimshukuru Mungu. Lakini kuna ndugu wengine ambao kila asubuhi pesa ya kwanza ikiingia kwenye simu inakatwa kulipa jana. Hawaanzi siku kwenye sifuri, wanaanzia chini ya sifuri. Ndugu mmoja wa bodaboda alichukua pikipiki kwa mkopo wa kulipa kila siku. Mvua inyeshe, malaria impige, malipo ya siku lazima yaende. Aliniambia, "Pasta, hii pikipiki si mimi naiendesha. Inaniendesha." Usiku mmoja alisinzia akiwa juu yake, akarudi kwenye fahamu pikipiki ikiwa mtaroni. Mungu alimhifadhi.

Na mwili una hesabu zake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa ripoti juu ya watu wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Walipata kwamba hatari yao ya kupigwa na kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo ni kubwa kwa asilimia 17, ukiwalinganisha na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Walikadiria kwamba kwa mwaka mmoja tu, 2016, watu 745,000 walikufa kwa njia hiyo. Sasa wewe hesabu saa zako. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu usiku, siku sita. Hizo ni saa 96, na bado hatujahesabu Jumapili baada ya ibada.

2. KIPIMO CHA JIRANI: HUYU UNAYEMKIMBIZA NI NANI?

Si kuchoka kwetu kote kunakotoka kwa Farao. Mhubiri 4:4 inatuchoma mahali pengine. Mwenye hekima anasema aliangalia taabu yote ya watu na ustadi wote wa kazi, akaona kwamba mengi yanatokana na mtu kumwonea mwenzake wivu. Hakusema yanatokana na njaa. Sehemu kubwa ya mbio zetu ni kwa sababu ya yule anayekimbia kando yetu.

Hapa sitatoa mfano wa mtu mwingine. Nitajitoa mimi mwenyewe.

Wengi mnakumbuka siku zile. Tarehe 2 Machi 2012 ule mradi mkubwa wa LAPSSET ulizinduliwa kule Lamu, na Isiolo ikawa jina la kutajwa kila mahali. Bandari Lamu, bomba la mafuta, reli, barabara kuu, uwanja wa ndege, na huku kwetu mji wa kitalii. Barabara ya lami ya kwenda Moyale ilikuwa inaendelea kujengwa. Watu wakaanza kuingia mjini na mabegi ya pesa, kila mmoja akiuliza ploti. Mahali ambapo mbuzi walikuwa wanalala pakaanza kutajwa kwa laki.

Wakati ule nilikuwa nafundisha shule, na kazi ya Mungu naifanya jioni. Rafiki yangu tuliyesoma naye akanunua ploti mbili. Kila tukikutana ananieleza zimepanda bei kiasi gani. Wapendwa, mimi sikuwa na haja ya ploti. Nilikuwa na mahali pa kulala, watoto walikuwa wanaenda shule. Lakini kila nilipoagana na rafiki yangu nilirudi nyumbani nikiona nyumba yangu imekuwa ndogo. Nikachukua mkopo, nikanunua ploti pembeni ya mji.

Mkopo ukataka kulipwa. Nikafungua kinyozi, nikawa nakifunga saa nne usiku. Jumamosi nikawa napeleka mitumba Garba Tulla. Ukiniuliza ningesema, "Namtafutia mtoto kesho yake." Hata mimbarani nililisema, na watu wakasema amina.

Mwaka uliofuata baba yangu alikuja kunitembelea kutoka kijijini. Alikuwa ameshazeeka, na magoti yalikuwa yanamsumbua. Alikaa kwangu siku nne. Nilikuwa natoka kabla hajaamka, na narudi akiwa ameshalala. Siku ya nne nilimpeleka steji mbio mbio, nikampa noti ya elfu moja iwe nauli na sukari. Hakuiweka mfukoni. Alinishika mkono akaniangalia, akaniuliza, "Mwanangu, huyu unayemkimbiza ni nani?"

Nikacheka, nikamwambia, "Mzee, maisha ya siku hizi ni hivyo." Akapanda gari.

Sikumwona tena akiwa hai. Miezi michache baadaye nilipigiwa simu nikiwa Garba Tulla, nimeshika nguo za mitumba mkononi. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba zile siku nne, kila jioni mzee alikuwa anavuta kiti mlangoni, anasema, "Nitamngoja kidogo." Halafu usingizi unamshinda.

Miaka mingi ilikuwa imepita ndipo niliposoma Mhubiri 4:8 kwa macho mengine. Pale kuna mtu aliye peke yake, hana mwana wala ndugu, lakini kazi yake haina mwisho na macho yake hayashibi mali. Na hajiulizi hata siku moja anamfanyia kazi nani, na kwa nini anajinyima mema. Nikajua baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kusoma sana, aliniletea andiko lile mpaka steji, na mimi nikalicheka.

Ile ploti niliiuza kwa bei isiyorudisha hata riba. Reli bado haijafika. Sina neno na mradi. Barabara ya lami imetusaidia, na tunaomba mengine yaje. Makosa yalikuwa yangu. Nilikubali rafiki yangu anishikie kipimo, na rafiki yangu mwenyewe alikuwa anamwangalia mtu mwingine.

Sasa ona utamu wa sura hii. Mstari wa 4 unamkataa anayekimbizana. Mstari wa 5 unamkataa mpumbavu anayekunja mikono na kujila mwenyewe. Halafu mstari wa 6 unaonyesha njia katikati yao: konzi moja yenye utulivu inashinda konzi mbili zilizojaa taabu na kukimbiza upepo. Mkono mmoja unafanya kazi na kushika riziki. Mkono wa pili umebaki wazi. Ndio wa kumshika mtoto, wa kumshika mzee, wa kuinua juu kwa Mungu. Mtu ambaye mikono yake yote miwili imejaa hawezi hata kusalimia.

3. KIPIMO CHA MUNGU: PISHI MOJA NA SIKU YA KUPUMZIKA

Watu wametoka Misri. Kutoka 16:1 inasema ni siku ya kumi na tano ya mwezi wa pili. Yaani wana kama mwezi mmoja tu wa uhuru. Wako jangwani, wana njaa, na wameanza kutamani masufuria ya Farao. Mungu anawapa mana, na pamoja na chakula anawapa kipimo: pishi moja kwa kila mtu.

Pishi hiyo ni kiasi gani? Mstari wa 36 unasema ni sehemu ya kumi ya efa. Efa ilikuwa kama lita 22, kwa hiyo pishi ya mana ilikuwa lita mbili na kidogo. Mama, hiyo unaijua. Ni kama gorogoro, lile kopo la kilo mbili tunalopimia mahindi na maharagwe sokoni. Mungu wa mbingu na nchi alisimama jangwani kama mama wa sokoni, akasema: gorogoro moja kwa kila mtu, kila siku.

Jifunze mambo manne hapa.

(a) Kila mtu alitoka kuokota. Mana haikuanguka mdomoni. Ilibidi uamke mapema, maana jua likiwaka inayeyuka. Bidii ipo.

(b) Aliyeokota nyingi na aliyeokota chache, walipopima walikuta kila mtu ana ya kumtosha. Mwenye nguvu hakuzidi, mzee hakupungukiwa. Jangwani hakukuwa na faida ya kumpita jirani.

(c) Waliojaribu kuweka ya kesho kwa hofu waliamka wakakuta mabuu na uvundo. Mungu hakatazi akiba. Yusufu aliweka akiba miaka saba, na chungu huweka wakati wa mavuno. Alichokataza hapa ni ile akiba ya mtu asiyeamini kwamba kesho Mungu atakuwepo.

(d) Siku ya sita ilikuja mara mbili, ili siku ya saba wapumzike. Ona, Amri Kumi ziko sura ya 20. Hapa tuko sura ya 16. Kabla Mungu hajawapa amri hata moja iliyoandikwa kwenye jiwe, aliwapa siku ya kupumzika, pamoja na chakula chake. Watu hawa walizaliwa utumwani. Baba zao na babu zao hawakujua siku isiyo na matofali. Ndiyo maana mstari wa 27 unasema wengine walitoka siku ya saba kwenda kuokota, na hawakukuta kitu. Miguu yao ilikuwa huru lakini bado ilisikia kengele ya Farao.

Je, si sisi hao? Tumeokoka Jumapili, na Jumatatu miguu inatoka yenyewe kutafuta matofali.

Halafu mstari wa 33. Mungu anaagiza sehemu ya mana iwekwe chombo ihifadhiwe mbele zake kwa vizazi vyote. Hakuagiza ghala wala gunia. Ni pishi moja, ili watoto wa watoto wao waone ni kiasi gani kilitosha kuwavusha jangwani.

Wazee wetu wa Kiswahili wanasema haba na haba hujaza kibaba. Na kwa vipimo vyao, vibaba vinne vilikuwa pishi. Kipimo kikijaa, kimejaa. Ukiendelea kumimina, unamwaga chini.

4. "LAKINI MCHUNGAJI, NISIPOAMKA WATOTO WATALALA NJAA"

Najua kuna mtu anasoma haya na anasikia uchungu. Yeye hakimbizani na jirani. Anakimbizana na sufuria tupu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Kuna wazee walioingia mji huu na fimbo mkononi bila mnyama hata mmoja wa kuchunga. Leo wanalinda malango usiku na kubeba mizigo mchana. Kumwambia mtu huyo "pumzika, ndugu" halafu ukaenda zako ni maneno matupu. Yakobo 2 imeshatuonya juu ya baraka za mdomo zisizo na chakula.

Kwa hiyo sikia Paulo alivyoitumia mana. Katika 2 Wakorintho 8 anawaomba Wakorintho mchango kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, na anawakumbusha habari ile ile ya aliyeokota nyingi na aliyeokota chache. Maana yake ni nini? Jangwani Mungu mwenyewe alisawazisha vipimo. Sasa amelipa kanisa kazi hiyo. Kama gorogoro yangu imefurika na ya ndugu yangu ina nusu, kilichozidi si changu cha kujivunia. Ni usingizi wake ninaoushikilia.

Fikiria mama mjane anayeuza mboga siku saba kwa wiki. Hawezi kupumzika hata siku moja kwa sababu pesa ya leo ndiyo chakula cha leo. Je, ushirika wa nyumbani wenye familia kumi hauwezi kumpa siku moja? Zamu ikizunguka, kila familia inachangia mara moja kwa wiki kumi. Hiyo ndiyo siku ya sita ya mama yule, pishi mbili mara moja.

Na kwa wewe uliyeishiwa kabisa, soma 1 Wafalme 19. Eliya alichoka akaomba kufa. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Akamwamsha mara ya pili, akampa tena. Kazi mpya ilikuja baadaye. Wakati mwingine huduma ya kwanza kwa mtu wa Mungu ni kulala. Zaburi 127:2 inasema Mungu huwapa wapenzi wake usingizi. Ni zawadi. Usiirudishe.

5. WEWE PIA UNAMPIMIA MTU

Sasa tugeuze kioo. Kumbukumbu la Torati 5:14 haimpi siku ya kupumzika mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni. Na mstari wa 15 unatoa sababu: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Aliyewahi kupigwa na Farao asije akawa Farao mdogo.

Una msichana wa kazi nyumbani? Una kijana dukani? Una mchungaji wa mbuzi huko porini? Anapumzika siku gani? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kinampa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, yenye malipo. Hiyo ni sheria ya nchi. Ni aibu mtu wa Mungu awe nyuma ya sheria ya nchi. Tunakuja ibadani na watoto wamevaa vizuri, huku aliyewapigia nguo pasi amebaki nyumbani anapika chakula cha wageni. Tena katika mji wetu majirani zetu Waislamu hufunga maduka adhuhuri ya Ijumaa waende kuswali, mteja angoje. Sisi tunafunga lini?

Na sisi wachungaji tusijifiche. Mara ngapi tumemwita mbele aliyenunua gari atoe ushuhuda, na hatujamwita aliyelipa deni lake akaamua kutokopa tena? Mara ngapi tumeweka kesha, mazoezi ya kwaya, kikao na mchango wiki moja, halafu tunashangaa watu wanasinzia? Tukipanda mashindano madhabahuni, tusilalamike yakiota nyumbani. Nimeomba msamaha kwa washirika wangu juu ya hili, na ninarudia hapa.

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

Kwanza, chukua karatasi. Andika matumizi ya lazima ya nyumba yako kwa mwezi: chakula, kodi, karo, dawa, zaka na sadaka, deni. Hiyo ndiyo pishi yako. Wengi hatujawahi kuipima, ndiyo maana hatujui ikijaa.

Pili, katika kazi unazofanya nje ya hiyo pishi, andika mbele ya kila moja jina la mtu unayemfanyia. Ukikuta jina lililokuja ni la jirani uliyetaka akuone, liombee.

Tatu, chagua siku moja. Kama siku nzima haiwezekani sasa, anza na nusu siku. Funga duka, weka simu mbali, kula na watu wako mezani. Kuna mteja atakayekwenda kwingine. Mwache aende.

Nne, wenye kuajiri, ongeeni na wafanyakazi wenu wiki hii hii juu ya siku yao ya kupumzika. Msikate mshahara kwa sababu yake.

Tano, kama una mzazi aliye hai, nenda ukakae naye. Usipeleke pesa ya simu peke yake.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika Kutoka 5, Farao anasema nini juu ya watu wanaoomba kwenda kuabudu? Ni wapi umesikia sauti kama hiyo leo?

2. Soma Mhubiri 4:4-6. Kuna tofauti gani kati ya mkono uliokunjwa, mikono miwili iliyojaa, na konzi moja? Wewe uko wapi?

3. Kwa nini unadhani watu wengine walitoka kuokota mana siku ya saba ingawa walikuwa wameambiwa?

4. Katika ushirika wenu, ni nani asiyeweza kupumzika bila kusaidiwa? Kabla hamjaagana, kubalianeni ni nani ataanza, na siku gani.

TUOMBE

Baba Mungu, ulitutoa nyumba ya utumwa, lakini miguu yetu bado inakimbilia matofali. Tusamehe kwa kumwonea jirani wivu na kuuita wivu huo bidii. Tusamehe kwa waliotungoja mlangoni na hatukufika. Tupimie wewe. Wenye gorogoro tupu uwajaze kwa mikono yetu, na wenye kufurika utupe moyo wa kumimina. Wape watu wako usingizi usiku huu, na kesho utuamshe tukafanye kazi kama watoto, si kama watumwa. Katika jina la Yesu. Amina.